Fungate ya Kisiwani na Suala la Amana

Fungate ni siku za mwanzo za ndoa, ambazo mume na mke hupumzishwa shughuli za kila siku ili wazoeane. Fungate ya kisiwani ni sura mpya ya desturi hiyo. Wanandoa huondoka kwao wakaenda kisiwa cha joto chenye matumbawe, misitu na wanyama, na siku zao huzitumia kutembea, kuogelea na kutazama viumbe. Safari ya aina hii huzungumzwa zaidi kwa upande wa gharama na picha, lakini imebeba swali la kidini na la kifalsafa. Watu wawili waliofunga ndoa kwa jina la Mungu wanapokwenda kuutazama uumbaji kwa ajili ya starehe yao, je, kutazama huko ni pumbao tu, ni ibada, au ni namna ya kujitwalia kisicho chao?

Swali hili linawagusa kwa karibu Waafrika Mashariki wanaoishi Ghuba. Al Wukair ni mji ulio kusini mwa Doha, katika manispaa ya Al Wakrah, ambako familia nyingi za wageni hupanga nyumba. Miongoni mwa wafanyakazi wa Qatar wamo Wakenya, Waganda na Watanzania: walinzi, madereva, wauguzi, walimu, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa nyumbani. Sheria ya Kazi ya nchi hiyo, Na. 14 ya 2004, humpa mfanyakazi inayemhusu likizo ya mwaka isiyopungua wiki tatu katika miaka yake mitano ya kwanza kazini. Anayeoa au kuolewa nyumbani hulazimika kukibana ndani ya wiki hizo kila kitu: posa, nikaha, karamu, kuwaamkia wazee wa pande mbili, na fungate yenyewe. Qatar Airways huruka kutoka Doha hadi Zanzibar, kwa hiyo kisiwa kipo umbali wa safari moja ya ndege. Mpemba wa Al Wukair anayerudi Pemba kwa fungate huwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja, naye ndiye anayefaa zaidi kuulizwa kisiwa ni cha nani.

Siku saba za ndani

Katika miji ya Waswahili, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, fungate ilikuwa siku saba za kukaa ndani. Chumba kilifukizwa udi, kitanda kikatandazwa asumini, bibi harusi akapakwa hina na kusingwa liwa, na vyakula vikaletwa na jamaa kwa sinia zilizofunikwa kawa. Somo au kungwi hakuwa mbali, maana kazi yake ya kufunza haikwisha usiku wa harusi. Bwana harusi naye aliacha shughuli zake, na wenzake wa barazani hawakumtarajia.

Siku hizo saba zina mashiko katika dini. Hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inaeleza kuwa mwenye mke akioa bikira hukaa naye siku saba kabla ya kurudia zamu, na akioa mwanamke aliyewahi kuolewa hukaa naye siku tatu. Wanazuoni wengi wameifahamu kuwa ni haki ya mke mpya: apewe muda wa kuondoa ugeni. Biblia nayo ina jambo la kukaribiana na hilo. Kitabu cha Mwanzo kinataja juma la arusi la Lea, na Kumbukumbu la Torati 24:5 inamwondolea aliyeoa karibuni wajibu wa vita kwa mwaka mzima, ili akae nyumbani amfurahishe mkewe. Katika mapokeo yote mawili furaha ya wanandoa wapya haikuachwa iwe jambo la bahati. Ni haki, na jamii inatakiwa kuipisha.

Fungate ya ndani ilikuwa na nguzo mbili, muda na sitara. Fungate ya kisiwani inabakiza muda na kuitikisa sitara, hasa pale ambapo kila pumziko hupigwa picha na kusambazwa. Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwingine. Chumbani wanandoa walikuwa wakitazamana. Kisiwani wanatazama pamoja kitu cha tatu. Mtu anaweza kudai kwamba kitu hicho cha tatu kinawaibia siku zao. Ili kulipima dai hilo, inafaa kuangalia dini imeyaweka wapi maumbile na imeiweka wapi ndoa.

Ndoa katika safu ya ishara

Katika Qurani, mahali panapotajwa mara nyingi kuhusu ndoa, na panaposomwa katika khutba za nikaha, ni aya ya 21 ya Sura ya Rum. Inazungumzia kuumbwa kwa wenza kutokana na nafsi zao wenyewe, ili wapate utulivu, na kuwekwa mapenzi na huruma kati yao. Kwenye kadi za mialiko aya hiyo huandikwa peke yake. Ndani ya sura haiko peke yake. Aya iliyoitangulia inataja kuumbwa kwa binadamu kutokana na udongo. Inayoifuata inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na kutofautiana kwa lugha na rangi za watu. Kisha hutajwa usingizi na kutafuta riziki, umeme na mvua inayohuisha ardhi iliyokufa, na kusimama kwa mbingu na ardhi kwa amri ya Mungu. Kila moja ya hizo huitwa ishara.

Mpangilio huo una maana kubwa. Ndoa haikuwekwa katika faslu ya sheria na maumbile katika faslu nyingine ya ajabu za dunia. Vyote vimo katika safu moja, na vyote vimeelekezwa kwa watu wanaofikiri. Kwa hiyo wanandoa wanaotoka chumbani wakaenda kutazama mawimbi na ndege hawajaiacha ishara yao wakafuata nyingine isiyowahusu. Wamehama mstari mmoja wakaingia mstari wa pili. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 41, inatoa pia onyo: uharibifu umedhihiri nchi kavu na baharini kwa sababu ya yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Msomaji aliyeanza na utulivu wa wenza anafikishwa kwenye bahari iliyoharibika kabla sura haijaisha.

Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagusa mambo yote mawili katika Ihya Ulum al-Din. Kitabu cha 12 cha kazi hiyo kinahusu adabu za ndoa. Miongoni mwa faida tano za ndoa anazozitaja, ya tatu ni kuiburudisha nafsi kwa kukaa pamoja, kutazamana na kucheza, ili moyo upumzike na upate nguvu za ibada. Nafsi ikilazimishwa daima yale inayoyachukia, huasi. Burudani halali huirudisha njiani. Kitabu cha 39 kinahusu tafakuri, na humo anampitisha msomaji katika mwili wa binadamu, ardhi, wanyama, bahari, hewa na nyota. Anapofika baharini anaeleza kuwa nchi kavu yote, ikilinganishwa na maji, ni kama kisiwa kidogo katika bahari kuu. Kwa kipimo chake, basi, starehe ya wanandoa na kutazama uumbaji hupimwa kwa mizani moja: je, vimeuacha moyo katika hali gani? Starehe isiyoamsha chochote inabaki kuwa halali, ila haijafika inakoweza kufika.

Visiwa viwili vya wanafalsafa

Falsafa ya Kiislamu ina visiwa vyake, na viwili kati ya hivyo vinafaa kusomwa na anayefikiria fungate ya kisiwani.

Cha kwanza ni kisiwa cha Hayy bin Yaqdhan, katika kisa kilichoandikwa Andalusia na Ibn Tufayl, aliyefariki mwaka 1185. Hayy anakulia peke yake katika kisiwa cha upande wa India, chini ya mstari wa ikweta, akinyonyeshwa na paa. Paa huyo anapokufa, Hayy anaupasua mwili wake akitafuta kilichoondoka, na kutoka hapo anapanda ngazi ya maarifa hadi kumjua Mungu bila mwalimu wala kitabu. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba maarifa yale yanambadilisha jinsi anavyokula na anavyotembea. Huchuma matunda yaliyoiva, na mbegu zake hazitupi mahali pasipoota. Akiuona mmea uliofunikwa na mwingine, huuondolea kizuizi. Akiona mnyama aliyenaswa, humnasua. Kwa Ibn Tufayl, anayetazama kwa kweli huanza kuhudumia. Upungufu wa Hayy, kwa upande wa mada hii, ni kwamba hana mwenza. Mtu wa pili anapokuja, Absal, naye ni mcha Mungu aliyetafuta upweke. Kisiwa chao ni cha watawa, na hakuna anayejifunza humo jinsi ya kuigawana dunia na mtu mwingine katika nyumba moja.

Cha pili ni kisiwa cha Ikhwan as-Safa, wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, katika risala yao juu ya kesi ya wanyama dhidi ya binadamu. Jahazi linasukumwa na upepo hadi kisiwa kinachotawaliwa na mfalme wa majini, ambako wanyama huishi huru. Watu wanashuka, wanapapenda, wanajenga, kisha wanaanza kuwakamata wanyama kwa hoja kwamba hao ni watumwa wao. Wanyama wanafungua kesi. Binadamu wanajitapa kwa umbo lao, akili zao, vyakula vyao na ufundi wao. Wanyama wanazijibu hoja hizo moja baada ya nyingine, nyuki akiwasemea wadudu na chura akiwasemea wa majini. Mwishoni binadamu wanashinda, lakini si kwa hoja za uzuri wala ufundi. Wanashinda kwa sababu miongoni mwao wamo wachache waliofikia ukamilifu wa roho. Hukumu hiyo ni nzito kuliko ingekuwa kushindwa, kwani mamlaka ya mtu juu ya kiumbe yanasimama juu ya wema wake, na asiye mwema hana hoja.

Wageni wa risala hiyo hawakuja na nia mbaya. Walishuka, wakapapenda, na kupenda kwao ndiko kulikozaa umiliki. Mtalii wa leo yumo katika hatari hiyo hiyo, maana naye husafiri kwa sababu amepapenda.

Misali

Mfano halisi wa mawazo haya kuingia kazini uko Pemba. Misali ni kisiwa kidogo kisichofikia kilomita moja ya mraba, magharibi mwa Chake Chake, katika Mkondo wa Pemba. Hakina mji wala maji ya kunywa. Wavuvi hupiga dago pwani, wakavua na kukausha samaki, wakarudi vijijini mwao. Miamba ya matumbawe inayokizunguka ina mamia ya aina za samaki, na fukwe zake ni mazalia ya kasa na ng'amba. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika aliomba mswala. Ulipokosekana, akakionyesha kisiwa chenyewe, kilicholala kuelekea kibla, akakifanya pa kuswalia.

Katika miaka ya 1990 wavuvi walipinga mpango wa kukikodisha kisiwa kwa mwekezaji, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, sehemu moja ikifungwa kabisa kwa uvuvi na nyingine zikiachwa wazi. Lakini tangazo la serikali halikuzuia baruti, utupa, wala kigumi, uvuvi wa kupondaponda matumbawe kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Mwaka 1999 ikafanyika warsha iliyowakutanisha wavuvi, walimu wa madrasa, maimamu na maafisa wa serikali, ikiongozwa na Fazlun Khalid wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya IFEES, yenye makao Birmingham, kwa kushirikiana na shirika la CARE na jumuiya ya wenyeji ya hifadhi ya Misali. Somo lilikuwa Qurani yenyewe: binadamu kama khalifa, mizani iliyotajwa katika Sura ya Rahman, wanyama kuwa umma mfano wa watu, na hima, yaani ardhi inayotengwa kwa ajili ya manufaa ya wote, desturi iliyothibitishwa na Mtume. Hoja iliyokaa vichwani ilikuwa nyepesi: sheria ya serikali hukwepeka usiku, ya Mungu haina usiku.

Misali imetajwa tangu hapo katika maandiko mengi kama mfano wa hifadhi inayosimama juu ya imani. Hata hivyo, mfano huo una ufa ambao hautajwi sana. Dini ilihubiriwa kwa mvuvi; mgeni alitozwa kiingilio. Mtu anayeishi kwa bahari aliambiwa kwamba matumbawe ni amana ya Mungu, na anayekuja kuyatazama kwa siku moja aliambiwa bei. Ikiwa hoja ya warsha ile ni ya kweli, ni ya kweli pia kwa mwenye miwani ya kuzamia, na zaidi kwa aliyekuja kusherehekea ndoa iliyofungwa kwa maneno ya Kitabu hicho hicho.

Amana mbili

Hapa ndipo ndoa na kisiwa vinapokutana. Katika khutba ya kuaga, kama ilivyopokewa na Jabir katika Muslim, Mtume aliwausia wanaume kumcha Mungu katika mambo ya wake zao kwa kuwa wamewachukua kwa amana ya Mungu. Sura ya Ahzab, aya ya 72, inasema amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima vikakataa kuibeba, na binadamu akaibeba. Matumizi hayo mawili hayako mbali. Kitu cha amana kina mwenyewe. Aliyewekewa hufaidika nacho kwa kadiri ya ruhusa tu, hana haki ya kukiharibu, na siku moja ataulizwa.

Mwenza ni amana kwa maana hiyo: amekaribiwa kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na bado si mali. Kuna hatari, bila shaka, ya kulifanya neno hili ngazi ya kumpandisha mume na kumshusha mke, kana kwamba mmoja ni mwekewa na mwingine ni mzigo. Hadithi ya uchungaji, iliyomo katika Bukhari, inaizuia tafsiri hiyo, kwa kuwa inamtaja mwanamume kuwa mchungaji wa watu wake na mwanamke kuwa mchungaji katika nyumba ya mumewe, na kila mmoja ataulizwa. Aya ya 187 ya Sura ya Baqara nayo inawafanya wote wawili vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Kisiwa kiko katika hukumu ya namna hiyo. Kimekaribiwa, kimeonjwa, kimefurahiwa, na hakijamilikiwa. Mtu akijifunza ukaribu usio na umiliki mahali pamoja, amepata msingi wa kuujua mahali pengine.

Mwanazuoni Yusuf al-Qaradawi, aliyeishi Doha tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 2022, aliipa hoja hii njia ya kifikihi katika kitabu chake cha 2001 kuhusu utunzaji wa mazingira. Alionyesha kwamba kuharibu mazingira ni kuyavunja makusudio matano ya Sharia: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kizazi ndilo kusudio linaloihusu ndoa moja kwa moja. Wanandoa wanaotaraji watoto na hapo hapo wanakanyaga matumbawe wanavunja kwa mguu wanachokijenga kwa nikaha, kwa kuwa riziki ya mtoto wa pwani imo katika matumbawe hayo.

Katika mkondo huo huo, waraka wa Al-Mizan, agano la Kiislamu kwa ajili ya dunia, ulizinduliwa Nairobi mwezi Februari 2024 katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Fazlun Khalid alikuwa miongoni mwa walioufanyia kazi, na Bustani ya Mimea ya Qurani ya Qatar ilishiriki. Wakristo wa Afrika Mashariki, ambao mjini Doha husali katika eneo la makanisa la Mesaimeer, wana waraka wa Laudato si' wa Papa Fransisko wa 2015, na agizo la Mwanzo 2:15 la kuilima bustani na kuitunza. Misamiati ni tofauti, lakini wajibu unaotajwa ni mmoja.

Adabu za kutazama

Ikiwa kisiwa ni amana, kutazama kwenyewe kuna mipaka. Ng'amba anaonyesha jambo hili vizuri. Jike hupanda ufukweni usiku, akajiburura hadi juu ya alama ya maji kujaa, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma na kutaga makumi ya mayai, mara nyingine zaidi ya mia. Hufukia, husawazisha mchanga, hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi, makinda hutoka na kufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Taa ya simu inayowashwa kwa ajili ya picha huweza kumrudisha jike kabla hajataga, au kuwapoteza makinda wakaelekea vichakani. Mwenye kuiwasha hakukusudia dhara. Alitaka kuona tu, na kuona kwake ndiko kulikodhuru.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maboti ya watalii huwafuata pomboo na watu hujitupa majini katikati ya kundi. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao wameonyesha kwamba hupunguza kupumzika na kula, wakazidisha kusafiri, boti zinapowabana. Kijiji hicho kina msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, ambao mgeni huingia kwa kuvua viatu na kushusha sauti. Ni jambo la kufikirisha kwamba mgeni huyo huyo, akiwa baharini, huruhusiwa kupiga kelele katikati ya umma mwingine wa viumbe.

Mapokeo ya dini yana kisa kinachofaa hapa. Abdullah bin Mas'ud, katika Sunan ya Abu Dawud, anasimulia kwamba wakiwa safarini na Mtume walimwona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama akaja akipigapiga mbawa. Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa sababu ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 nayo inamkataza mtu anayekuta kiota njiani kumchukua mama pamoja na makinda. Katika maandiko yote mawili tukio ni la njiani: msafiri amekutana na uzuri bila kuutafuta, na mkono wake umetangulia kabla ya fikra. Hali ya ihramu, ambayo humharamishia hujaji kuwinda mnyama wa nchi kavu, huipeleka adabu hiyo mbali zaidi. Humfanya msafiri apite katikati ya viumbe bila kuwa tishio kwao.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la israfu. Ndege huchoma mafuta, hoteli za ufukweni hutumia maji mengi kwa mgeni mmoja kuliko kaya za kijiji cha jirani, na karamu yenyewe huenda imeacha deni. Jibu haliwezi kuwa kwamba nia njema husafisha kila kitu. Aya ya 31 ya Sura ya A'raf inaruhusu kula, kunywa na kujipamba, na katika pumzi hiyo hiyo inakataza kupita kiasi. Fungate inayoacha madeni ya miaka imekosa utulivu ambao ndio ulikuwa kusudi lake.

Pingamizi la pili ni la haki ya wenyeji. Tangu mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji, kwa hoja ya ajira na mapato. Mahali ambapo mvuvi alipiga dago panaweza kuwa mahali ambapo anafukuzwa ili wanandoa wapate faragha. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye kuja kwake kunamnyima mwenyeji pwani ameigeuza methali. Upo mfano wa njia ya kati: kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, kina vibanda saba tu vya wageni, hukinga maji ya mvua, hutumia vyoo vya mboji, na huwaleta wanafunzi wa Zanzibar kuyaona matumbawe ya kwao. Lakini bei yake si ya mlinzi wa zamu, na hifadhi inayowafaa matajiri peke yao haijamaliza suala la haki.

Pingamizi la tatu ni la kifalsafa zaidi: kwamba kuivisha starehe vazi la ibada ni kujidanganya, na afadhali mtu akiri kwamba amekwenda kufurahi. Hoja hii ina ukweli. Al-Ghazali mwenyewe hakudai kwamba burudani ya wanandoa ni swala. Alidai kwamba huutayarisha moyo. Furaha ya fungate haihitaji kisingizio, kwa sababu tayari ni haki. Kinachohitaji jibu ni gharama inayobebwa na wengine, wawe watu au viumbe.

Ishara iliyo karibu na Al Wukair

Ikiwa thamani ya safari iko katika kutazama kwa amana, umbali si sharti. Asiyepata likizo hajafungiwa mlango. Manispaa ya Al Wakrah ndiyo yenye Khor Al Adaid, ghuba ya bahari iliyoingia katikati ya vilima vya mchanga. Kaskazini, Al Thakhira na Kisiwa cha Zambarau karibu na Al Khor vina mikoko ya mchu, aina ile ile ya mkoko inayoota Pemba. Ufukwe wa Fuwairit hufungwa kwa watu kila msimu wa kutaga, kuanzia Aprili, kwa ajili ya ng'amba, jamaa wa wale wa Misali. Maji ya Qatar yana nguva kwa makundi, wakati pwani ya Afrika Mashariki wamebaki wachache mno. Mpemba wa Al Wukair anaweza kukuta ugenini alichokipoteza kwao, na akaelewa kwamba kilipotea.

Jibu la swali la mwanzo, basi, halitegemei kisiwa bali masharti matatu. Starehe ikiwa halali na isiyo na israfu, ni haki ya wanandoa na haihitaji utetezi. Ikiandamana na tafakuri, inakaribia ibada, kwa kuwa ndoa na maumbile vimewekwa katika safu moja ya ishara. Ikiwanyima wenyeji riziki au viumbe utulivu wao, inakuwa uvunjaji wa amana, hata kama waliofanya hivyo walikuwa na mapenzi ya kweli na nikaha sahihi. Sharti hili la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa sababu aliyedhulumiwa mara nyingi hana ulimi wa kushtaki, na katika kesi ya Ikhwan as-Safa mnyama alipata wa kumsikiliza katika kisa tu.